Weusi wa Udongo Ulionidanganya Uporoto

Msimu uliopita nilikodi ekari moja katika miteremko ya milima ya Uporoto, kusini mashariki mwa jiji la Mbeya, na sababu yangu kubwa ilikuwa rangi. Udongo wa pale ni mweusi kama masizi ya chungu, na mimi niliyekulia shambani nikiwasikia wakubwa wakiusifu udongo mweusi, sikuona haja ya kuuliza zaidi. Nililipa kodi kwanza, ndipo nikamwita baba aje kuona.

Baba hakuzungumzia rangi hata kidogo. Alichota udongo kwa mkono, akaupandisha na kuushusha kiganjani kama mtu anayekadiria uzito wa kuku sokoni, kisha akaulowesha kwa maji kidogo na kujaribu kuuviringisha uwe kama kijiti. Haukushikamana. Akasema kwamba ni mwepesi mno. Baada ya hapo akamuuliza mwenye shamba maswali mawili tu: shamba lilipumzishwa lini kwa mara ya mwisho, na mvua za kwanza zikinyesha huota magugu gani. Swali la kwanza lilijibiwa kwa maneno mengi yasiyokuwa na mwaka ndani yake. La pili lilijibiwa kwa kucheka.

Swali hilo la magugu ndilo ninalolithamini zaidi sasa. Mahali panapoota mnavu, mchicha pori na kishona nguo kwa wingi, tena vikiwa na majani mapana ya kijani kibichi, wakulima wa kwetu huamini kwamba rutuba ipo, kwa sababu mimea hiyo hula sana na haistawi penye njaa. Mahali palipotawaliwa na nyasi ngumu zilizodumaa, shamba husemwa kuwa limechoka. Ukishuka hadi Kyela, wakulima wa mpunga wa mlimani, yaani ule unaolimwa pasipotuama maji, wana mjumbe wao mwingine, kiduha, gugu lenye maua mazuri linalonyonya mizizi ya mazao na ambalo hushamiri hasa katika udongo uliokwisha nguvu.

Mahindi yangu yalipofika magotini, majani ya chini yaligeuka rangi ya zambarau na mimea ikasimama pale pale ilipo. Niliambiwa ni baridi, na kweli baridi ya huku juu inaweza kuleta rangi hiyo kwa muda katika mimea michanga, lakini siku za joto zilirudi na zambarau haikuondoka. Ilikuwa njaa ya fosforasi, mojawapo ya virutubisho ambavyo mmea huvihitaji sana. Udongo wa Uporoto na Rungwe umetokana na majivu ya volkano, na madini yake yana tabia ya kuikamata fosforasi na kuifungia, hivyo mkulima anaweza kumwaga mbolea ya kupandia na mmea usipate ila sehemu ndogo. Weusi ule niliousifu ulitokana na mboji nyingi ambayo majivu hayo huihifadhi vizuri. Mboji ilikuwepo kweli, ila chakula ambacho mahindi yalikihitaji kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa nimekosea pia kuitawanya mbolea juu ya shamba zima badala ya kuiweka kwenye shimo karibu na mbegu, mahali ambapo mzizi huifikia kabla udongo haujaikamata yote.

Kwa mama mkwe wangu, Mufindi, mambo ni tofauti kabisa. Kule udongo ni mwekundu, umeoshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika, na una tindikali nyingi. Chai hupenda hali hiyo, lakini mahindi na maharage huiona taabu. Pale pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, inaposhuka chini ya 5.5, alumini iliyomo huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi. Mama hajui habari za pH, lakini anajua kona ambayo maharage yake hubaki mafupi na ya njano hata mvua ikiwa nzuri, na anajua kwamba kona hiyo hiyo huota gugu lenye majani yaliyopasuka kama manyoya ya ndege. Mwaka aliomwaga majivu ya jikoni pale, maharage yalinyanyuka. Yeye alisema majivu ni mbolea. Mimi nadhani yalifanya zaidi kazi ya chokaa, yaani kupunguza tindikali, ingawa sikuona sababu ya kubishana naye juu ya jina wakati maharage yako kwenye sahani.

Baada ya hasara yangu niliamua kupima udongo wa shamba la nyumbani katika maabara. Maelekezo yalikuwa rahisi: chimba kina cha sentimita 20 katika sehemu kadhaa kwa mwendo wa kupinda, changanya kwenye ndoo safi, chukua karibu nusu kilo. Kulikuwa na sharti moja, kwamba usichanganye sehemu zisizofanana. Hapo ndipo nilipokwama, kwa kuwa kwa macho yangu shamba letu lote lilikuwa sawa.

Baba alilitembea shamba akiburuta jembe na kuligawa mara tatu. Sehemu ya juu, ambako maji ya mvua hukimbia na jembe hugonga kokoto mapema. Sehemu ya bonde, ambako udongo hung'ang'ania jembe na unyevu hukaa hadi mwezi wa saba. Ya tatu ni kipande kidogo kisichozidi vyumba viwili vya nyumba, ambako palikuwa na zizi la ng'ombe kabla sijazaliwa, na ambako majani ya mahindi hadi leo huwa ya kijani kilichokoza kuliko ya jirani yake. Nilitaka kukiunganisha na bonde ili nilipie sampuli mbili tu. Alikataa, akaishika ndoo mwenyewe, na sampuli zikawa tatu.