VLAN Zipo, Poti Hazimo

Ilikuwa masika. Umeme ulikatika usiku, na UPS ya kwenye kabati haikuvumilia kwa kuwa betri zake zilishachoka. Asubuhi, katika ofisi ile ya Kariakoo, swichi ya mtandao aina ya Cisco Catalyst 2960 ilikuwa inawaka kijani poti baada ya poti, ila simu za mezani zilikuwa bubu na kaunta haikuiona seva. Mhasibu alitupokea mlangoni: "Karibuni mafundi. Wateja wamejaa, mtandao hakuna."

Taa ya kijani husema waya una ishara, basi. Haisemi poti iko VLAN ipi, yaani mtandao mdogo upi kati ya ile iliyogawanywa ndani ya swichi.

Tulichomeka waya wa konsoli, wa kuiagiza swichi kutoka kwenye laptopu: kasi 9600, biti 8, bila pariti. `show version` ilisema swichi imewaka baada ya kukosa umeme. Saa yake ilidai ni Machi 1993, kwani modeli hiyo haina betri ya saa na hakuna aliyeweka NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao. `show vlan brief` ndiyo iliyotoa jibu: VLAN 10 ya kaunta na 20 ya simu zipo, majina yamo, lakini poti zote 24 zimerundikana VLAN 1.

Mipangilio inayofanya kazi, running-config, hukaa kwenye RAM. Umeme ukienda, nayo imekwenda. Iliyohifadhiwa, startup-config, iko NVRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na ndiyo swichi huisoma inapowaka. VLAN zenyewe, swichi ikiwa VTP server (hali inayoiruhusu kuunda VLAN), huandikwa papo hapo kwenye faili vlan.dat ndani ya flashi, hata usipohifadhi chochote. Kuiweka poti ndani ya VLAN ni mstari wa running-config. Aliyepanga poti zile alifunga laptopu bila kuhifadhi, na swichi ikafanya kazi vizuri mpaka usiku ule.

Ofisi ilikuwa na faili la nakala ya mipangilio. Kijana tuliyekuwa naye akataka kulimwaga moja kwa moja kwenye running-config. "Subiri, mdogo wangu," fundi mkubwa akamzuia. Kunakili hivyo hakufuti cha zamani, huchanganya. Startup-config ilikuwa imezifunga poti 17 hadi 24 kwa `shutdown`. Kwenye nakala zilikuwa wazi, lakini IOS, programu inayoendesha swichi, haiandiki `no shutdown` (fungua poti) kwa sababu ndiyo hali ya kawaida. Kwa hiyo faili lingeingia lote na poti nane zingebaki zimefungwa. `configure replace` hulinganisha na kuondoa kisichokuwemo, ila inahitaji faili kamili na lile lilikuwa na masalia ya `--More--`, neno ambalo skrini huandika ukurasa ukijaa. Tulilisafisha, tukaliingiza kwa kunakili, kisha tukazifungua poti nane wenyewe:

`interface range fa0/17 - 24`
`no shutdown`

Hapo wengi hukimbilia kuhifadhi. Sisi tulipiga simu kwanza na kutoa risiti moja ya majaribio, maana kabla hujahifadhi, kuzima na kuwasha bado ni njia ya kurudi nyuma. Ndipo ikaja `copy running-config startup-config`, Enter, na `[OK]`. Tukachomoa umeme makusudi, mhasibu akiguna pembeni, tukasubiri dakika chache iwake: poti zote mahali pake.

Nakala ya startup-config ilipelekwa kwenye seva ya TFTP, ya kuhifadhia mafaili. Faili vlan.dat tulilinakili peke yake, kwani nakala ya startup-config hailigusi.