Katalogi Ilinidanganya: Nilivyopata Chuo cha Kikristo Chenye Hisabati ya Kweli

Mjomba aliposikia nataka kusomea hisabati kwenye chuo cha Kikristo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Hivyo ni vyuo vya wachungaji, mwanangu." Mchungaji wangu naye akasema nisihangaike kuchagua, mbili na mbili ni nne popote. Nawaheshimu wote wawili. Wote wawili walikosea, na aliyelipa ni mimi.

Nilimfuata mchungaji. Nikaingia chuo kidogo huko Marekani chenye kwaya tamu na katalogi iliyonona: uchambuzi halisi, aljebra dhahania, topolojia, nadharia ya namba. Mate yalinitoka. Hakuna aliyeniambia kwamba somo kuwamo kwenye katalogi ni jambo moja, kufundishwa ni jambo jingine. Idara nzima ilikuwa na maprofesa watatu, mmoja yuko likizo. Uchambuzi, somo linalothibitisha kwa nini kalkulasi inafanya kazi, ulifundishwa mwaka mmoja ukarukwa mmoja, na mimi niliangukia mwaka wa kurukwa. Nikaulizia topolojia. Profesa akatabasamu: "Mara ya mwisho nilikuwa sina mvi." Muhula wa tatu nikajisajili utunzi wa mashairi ili ratiba ijae. Shairi langu la kwanza lilihusu milinganyo. Lilipata C.

Mara ya pili sikutaka brosha ya mtu. Ofisi ya udahili niliiruka (kazi yao ni kusema ndiyo), nikawaandikia wakuu wa idara: naomba ratiba za mihula minne iliyopita, nione masomo ya mwaka wa tatu na wa nne yaliyofundishwa kweli, na wanafunzi walikuwa wangapi. Wengi kimya. Mmoja alinitumia brosha, picha ya kanisa ukurasa wa kwanza! Wawili walijibu siku ileile, na mmoja akaongeza vyuo ambako wahitimu wake wanasomea uzamivu. Huyo sikumwomba, na ndiyo maana nilimwamini.

Kisha nikawauliza kuhusu Putnam, shindano la hisabati la wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Kanada. Ule mtihani una maswali 12 ya alama 10 kila moja, na miaka mingi mtahiniwa wa katikati hutoka na 0 au 1, kwa hiyo kuuliza nani ameshinda ni kupoteza muda. Niliuliza: mnakutana siku gani kujiandaa? Mmoja alijibu, "Jumatano jioni." Mwingine alinieleza aya mbili jinsi wanavyothamini vipaji.

Usitishwe na udogo wa chuo, ingawa nilichokimbia mimi kilikuwa kidogo. St. Olaf, chuo cha Kilutheri kilichoanzishwa 1874, hakina uzamivu wa hisabati, lakini kwa miaka mingi kilikuwa makao ya Marekani ya mpango wa kupeleka wanafunzi kusoma hisabati Budapest. Ukitaka masomo ya uzamivu yawe jirani, Baylor ya Wabaptisti na Notre Dame ya Wakatoliki wanayo.

Imani nayo niliipima darasani, maana niliwahi kukaa kwa profesa aliyefungua kipindi kwa sala nzuri, kisha akatusomea kitabu neno kwa neno mpaka kengele. Chuo nilichokichagua mwishowe, nilipotembelea, profesa alithibitisha kwamba namba halisi haziwezi kuorodheshwa zote, hata kwa orodha isiyo na mwisho, akaweka chaki chini, akasimulia jinsi Cantor, mwanahisabati aliyegundua hilo, alivyoandikiana barua na wanateolojia wa Kikatoliki kuhusu usio na mwisho huo. Darasa likabishana hadi kipindi kikapitiliza. Mwanafunzi mmoja akaufuta uthibitisho wake mwenyewe mara mbili, na hakuna aliyemcheka.

Kuhama kulinila karo ya kama muhula mzima, kwa sababu chuo kipya kilikataa nusu ya masomo yangu ya hisabati. Mashairi waliyapokea bila swali.