Namba ya "mkubwa" ilivyonigharimu elfu tisini

Shemeji yangu ana miaka ishirini na ushee kwenye usukani, na hilo hatakuacha ulisahau. Aliposikia nampeleka mama Lushoto mwenyewe, kwa IST yangu, mara yangu ya kwanza kuendesha nje ya Dar, alinikalisha kitako akanipa darasa la trafiki. Usishushe kioo chote. Washa kamera ya simu kabla hajakufikia. Paza sauti, wakikuona mnyonge wamekumaliza. Kwenye kava la leseni chomeka msimbazi mmoja, yaani noti ya elfu kumi. Na mambo yakikaza kabisa piga namba hii, huyu ni mkubwa, yuko makao makuu.

La msimbazi nililikataa palepale. Anayetoa rushwa ana kesi sawa na anayepokea, na mimi sina mpango wa kwenda kuwaeleza TAKUKURU habari za shemeji. Hayo mengine niliyameza yote.

Tulipita Kibaha, Mlandizi, Chalinze, mama amelala. Mbele kidogo ya hapo, mahali nitakapopahifadhi, nikaona sare nyeupe na mkono umenyooka. Basi mimi kwa utii wangu nikakanyaga breki palepale, juu ya lami, katikati ya njia. Semi iliyokuwa nyuma yangu ilipiga honi ambayo mama anaisimulia hadi leo. Afande mwenyewe aliruka pembeni.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikashusha kioo vidole vinne, nikainua simu juu kama natafuta mtandao.

"Habari za safari, dada?"

"Nimekosa nini?" Kwa sauti, kama nilivyofundishwa.

Mama kule nyuma nikamsikia: "Hee!"

Akaomba leseni. Nikamwambia subiri kwanza, kuna mtu anataka kuongea na wewe. Nikapiga ile namba, nikaweka spika ili kila mtu asikie ukubwa wangu. Ikaita. Ikapokelewa. Nikajieleza kwa madaha: mimi ni shemeji yake fulani, niko barabarani hapa, nimesimamishwa na vijana wako. Kimya. Halafu nikasikia msumeno.

"Dada, mimi fundi seremala. Hapo makao makuu nilitengeneza makabati tu. Na huyo shemeji yako mwambie kile kitanda hajanimalizia hela yangu."

Afande hakucheka, namsifu kwa hilo. Aliangalia juu kidogo, akakohoa, akasema, "Haya dada, sasa tukague gari."

Mtungi wa zima moto mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Pembetatu sikuwa nayo kabisa. Taa ya breki ya kulia haiwaki, sijui tangu lini. Kosa moja lilikuwa elfu thelathini, piga hesabu mwenyewe. Mashine ikatoa karatasi yenye namba ya malipo. Hela mkononi hakugusa, nililipa kwa simu nilipofika. Ukijumlisha soda na maji ya kumtuliza mama ni kama laki. Na hapo lazima niseme kweli: yote matatu yalikuwa makosa yangu. Huenda bila ile tamthilia angetazama leseni na bima tu akaniachia.

Tukaondoka. Kilomita kama tano hakuna aliyesema neno. Kisha mama: "Mwanangu, yule mtoto wa watu amekuuliza habari za safari. Mbona hukumwitikia?"

Kurudi nikayatupa mafundisho yote. Kabla ya kuwasha gari leseni, bima na nakala ya kadi ya gari nikavitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonesha ndani, juu ya dashibodi. Usimfanye askari asimame dirishani huku wewe umeinama unachimbua chini ya kiti; yeye hajui unachimbua nini. Gari nikalitazama pia madeni kwa namba yake mtandaoni, nikakuta elfu thelathini ya mume wangu, ambaye naye kumbe "alisahau kuniambia".

Spidi sasa. Vijiji vya kutoka Mombo, Korogwe, Segera mpaka Mkata vina vibao vya 50, na watu wengi wakiona nyumba zimeisha wanakanyaga mafuta. Nyumba si kibao. Subiri kile kibao cha 50 kilichokatwa mistari, hata kama basi nyuma yako linakuwashia taa kwa hasira. Askari mwenye tochi, ile ya kupima spidi, anapenda sana hapo katikati.

Ndiyo maana niliposimamishwa kijiji kimoja nikaambiwa nimepigwa tochi, 71 kwenye 50, damu ilinichemka. Nilikuwa kwenye 48, naisoma kwa sauti kama dua. Lakini safari hii niliwasha indiketa ya kushoto, nikapunguza taratibu, nikampita kidogo, nikatoka nje ya lami magurudumu yote manne. Nikazima injini, nikawasha hazadi, kioo chini chote, mikono juu ya usukani. Simu kwenye pochi. Sisemi kurekodi ni kosa. Nasema sijaona mtu aliyechomekwa simu usoni akapoa.

Na mama alikuwa ameamka. Kijana alipoinama dirishani akamwona, hakuwa na ujanja: "Shikamoo mama." "Marahaba baba, poleni na jua." Hali ya hewa ilibadilika mle ndani.

Nikasema, "Afande, naomba niione hiyo picha."

Akanionesha. IST rangi ya fedha, kweli. Ila IST za fedha nchi hii ni kama kunguru. Nikaikuza kwa vidole, taratibu, kwa raha ambayo sitaificha. Namba yangu inaishia na C. Ya pichani inaishia na G. Nami sikuropoka. Nikamuuliza tu kwa upole, "Afande, hiyo si ina keria juu?" Akatazama picha. Akatazama paa la gari langu. Akarudi kwenye picha. Leseni yangu ikarudi mkononi.

"Nendeni salama. Mama, safari njema."

Na kama ingekuwa ni yangu? Ningechukua karatasi nikaondoka. Mwenye malalamiko ayapeleke kituoni akiwa ametulia, pale kando ya lami huku malori yanakupepea hakuna kesi iliyowahi kushindwa wala kushinda.

Tuliingia maeneo ya Kibaha giza limeshatanda, jamaa mmoja akatupungia tochi ya mkononi. Hana sare, hana koti la kung'aa, hakuna gari la polisi pembeni. Nikafunga milango, nikawasha hazadi na taa ya ndani, nikaenda mwendo wa pole mpaka kituo cha mafuta chenye mwanga na watu. Angekuwa askari angenifuata nikamweleza. Hakuja mtu. Shemeji anasema nilikimbia. Sawa, nilikimbia, kwa mwendo wa thelathini.

Mtungi mpya nimeununua Kariakoo, elfu arobaini na kitu, nimeufunga kwa mkanda maana ule wa kwanza kila kona ya Soni, kule kupanda Lushoto, ulikuwa unamgonga mama kisigino. Pembetatu ipo, taa ya breki inawaka. Kilichobaki ni yule seremala. Namba yangu sasa anayo, na kila mwisho wa mwezi ananipigia mimi kuulizia hela ya kitanda.