Hukumu ya Rufaa na Swali Ililoulizwa

Nimekuwa nikisoma hukumu za rufaa kwa muda mrefu, za madai, za familia na za jinai, na kinachonishangaza kila mara ni umbali uliopo kati ya yale majaji waliyoyaandika na yale yanayosemwa nje ya mahakama siku hiyo hiyo. Rufaa ikikubaliwa, husemwa kwamba fulani ameonekana hana kosa. Ikikataliwa, husemwa kwamba majaji wamethibitisha uongo wake. Mara nyingi hukumu yenyewe haisemi hili wala lile. Imejibu swali finyu zaidi: je, mahakama ya chini ilikosea, na ikiwa ilikosea, kosa hilo lina uzito wa kuutengua uamuzi wake? Msomaji asiyelitafuta swali hilo kwanza anaweza kuipitia hukumu ndefu neno kwa neno na bado akatoka na jibu la jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ufinyu huo unatokana na kile kilichopo mezani kwa majaji. Mahakama ya rufaa, ambayo katika nchi nyingi huketi majaji watatu, kwa kawaida haiwaiti mashahidi. Inao mwenendo wa shauri ulioandikwa, vielelezo, hukumu inayolalamikiwa, sababu za rufaa na hoja za pande mbili. Karatasi hizo zinaonyesha shahidi alisema nini, lakini hazionyeshi alisita kiasi gani kabla ya kusema. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililieleza jambo hili mwaka 1968 kwa namna ambayo mahakama za Kenya zinaendelea kuinukuu: mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza inapaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia hitimisho lake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Katika rufaa ya pili mlango huwa mwembamba zaidi, kwa kuwa zinazopita hapo kwa kawaida ni hoja za kisheria peke yake. Mrufani anayefika ngazi hiyo akitaka kueleza upya yaliyotokea usiku wa tukio huwa amefika mahali ambapo hadithi yake, hata ikiwa ya kweli, haina tena mtu wa kuisikiliza.

Si kila mfumo umechora mstari huo mahali pamoja. Nchini Ufaransa, mahakama ya rufaa huyaamua upya mambo ya ukweli na ya sheria, ilhali Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa ya madai na jinai nchini humo, ambayo asili yake ni mwaka 1790, huangalia tu kama sheria imetumiwa ipasavyo, na ikiitengua hukumu kwa kawaida huirudisha kwa mahakama nyingine ya ngazi ya chini. Ujerumani ina mpangilio ambao mwanzoni ulinichanganya. Kosa dogo la jinai linaloanzia mahakama ya wilaya linaweza kupata rufaa ya kusikilizwa upya pamoja na mashahidi, lakini kesi ya mauaji, ambayo huanzia mahakama ya mkoa, inapata rufaa ya hoja za sheria tu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kesi nzito husikilizwa tangu mwanzo na jopo kubwa zaidi la majaji. Bado naona ni mpango mgumu kumweleza mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha.

Katika mashauri ya madai, jaribu kubwa la mrufani ni kuleta ushahidi mpya. Ameshindwa, amerudi nyumbani, na sasa amepata barua au shahidi ambaye anaamini angebadilisha kila kitu. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliweka masharti matatu mwaka 1954, na yamesambaa katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza: kwamba ushahidi huo usingeweza kupatikana kwa juhudi ya kawaida kabla ya shauri kusikilizwa, kwamba ungekuwa na athari kubwa kwa matokeo ingawa si lazima uwe wa kuyaamua, na kwamba unaonekana kuaminika. Kesi iliyozaa masharti hayo inafundisha kuliko masharti yenyewe. Mnunuzi wa nyumba alidai kwamba alimlipa muuzaji pauni 1,000 juu ya bei iliyoandikwa. Mke wa muuzaji aliitwa kutoa ushahidi akasema hakumbuki. Baadaye aliachana na mumewe, akajitokeza kusema kwamba alidanganya na kwamba fedha zilitolewa. Majaji walikataa kumsikiliza, kwa sababu mtu anayekiri kwamba alisema uongo chini ya kiapo hawezi kuchukuliwa kirahisi kuwa wa kuaminika anapobadili kauli. Inawezekana kabisa kwamba mara ya pili alisema kweli. Mahakama haikuamua kwamba fedha hazikulipwa. Iliamua kwamba shahidi wa namna hiyo hatoshi kulifungua tena shauri lililokwisha.

Kuhusu kiasi cha fidia sitakaa sana. Mahakama ya rufaa haikibadilishi kwa sababu tu yenyewe ingetoa zaidi au pungufu. Hukibadilisha pale ambapo kanuni isiyo sahihi ilitumika, au kiasi kimekuwa kikubwa au kidogo kupita kiasi hadi hakiwezi kuelezeka.

Jinai ina historia nyingine, na ni ya karibuni kuliko watu wengi wanavyodhani. Uingereza haikuwa na mahakama ya rufaa za jinai yenye uwezo wa kuchunguza ukweli wa kesi hadi sheria ya mwaka 1907. Mtu anayetajwa zaidi katika kuzaliwa kwa mahakama hiyo ni Adolf Beck, mzaliwa wa Norway aliyeishi London, ambaye mwaka 1896 alitiwa hatiani kwa kuwatapeli wanawake vito vyao, baada ya wanawake kadhaa kusema kwa uhakika kwamba ndiye. Alihukumiwa miaka 7. Upande wa mashtaka ulikuwa umejengwa juu ya imani kwamba Beck ndiye tapeli aliyefungwa mwaka 1877 kwa jina jingine, na akiwa gerezani ikabainika kwamba mtu yule wa 1877 alikuwa ametahiriwa na Beck hakuwa. Hata hivyo hakukuwa na mahakama ya kupelekewa jambo hilo, bali wizara ya kuandikiwa maombi, na maombi hayakumtoa. Mwaka 1904 alitiwa hatiani tena kwa makosa ya aina ile ile, na alipokuwa akisubiri adhabu, tapeli halisi akakamatwa. Beck alisamehewa na kulipwa fidia, na aibu hiyo ilisaidia kuisukuma sheria mpya.

Ng'ambo ya bahari, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1894 kwamba katiba yenyewe haimpi aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa. Haki hiyo hutolewa na sheria za kila jimbo. Mwaka 1956 mahakama hiyo hiyo ikaongeza jambo ambalo kwangu ni la maana zaidi, kwamba jimbo lililokwisha kutoa haki ya rufaa haliwezi kumnyima maskini eti kwa sababu hana fedha za kulipia nakala ya mwenendo wa shauri. Katika ngazi ya kimataifa, Mkataba wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 14(5), unampa kila aliyetiwa hatiani haki ya hukumu na adhabu yake kupitiwa na mahakama ya juu kwa mujibu wa sheria. Pamoja na hayo, muda wa kuitumia haki hiyo ni mfupi: siku 10 nchini Ufaransa, wiki moja nchini Ujerumani, siku 14 katika mahakama za shirikisho za Marekani. Mtu aliye mahabusu bila wakili anaweza kuzimaliza siku hizo akiwa bado hajaelewa kilichompata.

Mfano bora zaidi ninaoujua wa mpaka kati ya ukweli na sheria ni kesi ya Oscar Pistorius nchini Afrika Kusini, mwanariadha aliyempiga risasi na kumuua mpenzi wake kupitia mlango uliofungwa. Mwaka 2014 jaji alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na si kwa mauaji. Upande wa mashtaka ulikata rufaa, na kwa kuwa sheria ya huko haiuruhusu kupinga matokeo ya ushahidi, ulilazimika kujenga hoja za kisheria peke yake. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa huko Bloemfontein ilibadili hatia hiyo kuwa mauaji. Wengi walisema majaji wamekataa maelezo yake kwamba alidhani kuna mvamizi nyuma ya mlango. Hawakufanya hivyo. Walisema kwamba, kisheria, haijalishi alidhani nani yuko nyuma ya mlango. Linaloulizwa ni kama alitambua kwamba yeyote aliyekuwa pale angeweza kufa, na bado akafyatua risasi. Jaji wa kwanza alikuwa amelichanganya swali la nani na swali la nini. Mwaka 2017 mahakama hiyo ikaigusa pia adhabu, ikaipandisha kutoka miaka 6 hadi miaka 13 na miezi 5, ikieleza kwamba ile ya awali ilikuwa ndogo kiasi cha kushtua.

Mashauri ya familia ndiyo yanayoipa taabu zaidi fikra nzima ya rufaa. Katika madai na jinai, majaji wanatazama nyuma, kwenye jambo lililotokea likaisha. Katika shauri la malezi ya mtoto, jaji wa kwanza alikuwa akitazama mbele, akikisia ni nyumba ipi itamlea mtoto huyo vizuri zaidi, na kabla rufaa haijasikilizwa mtoto ameshakua, ameshahamia shule nyingine, ameshazoea. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilisema mwaka 1985 kwamba katika mashauri ya aina hii majaji wawili waangalifu wanaweza kutofautiana bila hata mmoja wao kuwa amekosea, na kwamba mahakama ya rufaa iingilie pale tu ambapo jaji ametoka nje ya uwanja mpana wa kutofautiana kwa busara. Kwa mzazi aliyenyang'anywa mtoto, hiyo ni kauli ya kikatili: majaji watatu wanaweza kumwambia kwamba wao wangeamua vingine, kisha wakaitupilia mbali rufaa yake.

Nadhani kanuni hiyo ni sahihi, lakini kwa sharti moja. Uhuru wa jaji wa kuchagua unastahili heshima pale tu alipoeleza kwa nini alichagua. Hukumu ya malezi inayosimulia madai ya mama, ikasimulia madai ya baba, kisha ikaruka moja kwa moja kwenye amri kwa maneno kwamba maslahi ya mtoto yamezingatiwa, haikutumia hiari yoyote inayoweza kupimwa. Mahakama za rufaa zinazoziacha hukumu za namna hiyo kwa jina la kuheshimu hiari ya jaji zinaheshimu ukurasa mtupu.

Upande wa mali ya ndoa, uamuzi wa Baraza hilo hilo wa mwaka 1999 unapaswa kusomwa na kila wanandoa wanaojiandaa kukata rufaa. Mgogoro wa mgawanyo wa mali ulipita ngazi nne za majaji, na mwishowe gharama za mawakili zikazidi thamani ya mali yote iliyokuwa ikigombewa. Jaji Hoffmann alionya kwamba kuruhusu rufaa baada ya rufaa kwa matumaini ya kupata haki kamilifu ni kuwaua wahusika kwa wema, na amri ya jaji wa kwanza kabisa ndiyo iliyorudishwa. Wahusika walizunguka ngazi zote hizo na kuishia pale walipoanzia, wakiwa maskini zaidi.

Kuna pia suala la utekelezaji. Fedha iliyolipwa kwa hukumu isiyo sahihi inaweza kurudishwa, ila miezi ya utoto haina wa kuirudisha. Kwa sababu hiyo, katika mashauri ya familia, ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu wakati rufaa inasubiriwa mara nyingi huwa na uzito kuliko rufaa yenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana na jambo hili mwaka 2013, katika shauri lililotokana na Mkataba wa The Hague wa 1980 kuhusu watoto waliochukuliwa kuvuka mipaka. Mahakama ya Alabama iliamuru mtoto arudishwe Scotland, mama akaondoka naye saa chache baada ya amri, baba akakata rufaa, na mahakama ya rufaa ikasema hakuna tena cha kuamua. Mahakama ya Juu ilikataa: mgogoro bado upo hai, hata kama amri ya kumrudisha Marekani huenda isitekelezwe na mahakama za Scotland.

Mwisho wa hukumu huja amri, na hapo pia watu hupotea. Rufaa iliyotupiliwa mbali baada ya hoja kusikilizwa imekwisha. Rufaa iliyoondolewa mahakamani kwa kasoro, kwa mfano kuchelewa au kukosa nyaraka muhimu, haijaamuliwa kabisa, na mrufani anaweza kuomba kurudi akirekebisha kasoro hiyo, mradi muda unamruhusu au anaongezewa. Kwa miaka mingi rufaa nyingi za Afrika Mashariki ziliishia kwenye kundi hili la pili, na ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliandikwa ikizitaka mahakama zitoe haki bila kujali kupita kiasi mambo ya kiufundi ya utaratibu.

Amri ninayoitazama kwa wasiwasi zaidi ni ile ya kesi ya jinai kusikilizwa upya. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1966 kwamba amri hiyo kwa kawaida hutolewa pale ambapo kesi ya kwanza ilikuwa batili au yenye kasoro, na kwamba isitolewe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kanuni ni nzuri, na majaji huinukuu karibu kila mara. Ugumu unabaki kwa mrufani aliyekwisha kutumikia sehemu kubwa ya kifungo, ambaye hatia yake imefutwa asubuhi na jioni hiyo hiyo anarudi mahabusu kusubiri kesi ianze upya. Baadhi ya majopo huhesabu miaka aliyokwisha kukaa gerezani kabla ya kuamua, mengine huandika aya mbili tu, na ni katika aya hizo mbili ninapotafuta kujua kama mtu huyo alifikiriwa.