Dawa inayoelea tumboni, usiishie kuipima kwenye bika ya maabara

Nikiulizwa nafanya nini maabara siku nzima jibu ni kwamba natengeneza vijichembe vya dawa vyenye uwazi ndani, vidogo kama punje za sukari na vingine chini ya hapo, mgonjwa akivimeza vinaelea juu ya maji ya tumboni na kuachia dawa kidogo kidogo kwa masaa.

Kwa nini ujisumbue hivo? Chukua metformin ya wagonjwa wa kisukari, inafyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ikishapita hapo ndo basi, na inayofika kwenye damu ni kama asilimia 50 mpaka 60 tu. Ikitoka tumboni polepole utumbo unapata muda wa kuichukua. Sio kila dawa inafaa lakini, diclofenac inachubua tumbo, usiikalishe huko.

Njia iliyojulikana sana ni ya Kawashima na wenzake wa Japani. Unayeyusha dawa na polima, yaani kitu kama plastiki kinachofanya ganda la kijichembe (wao walitumia Eudragit S), kwenye mchanganyiko wa ethanoli na dikloromethani, afu unamimina kwenye maji ya nyuzi 40 yenye PVA (inazuia matone yasishikane) huku mashine inakoroga. Ethanoli inakimbilia kwenye maji fasta, polima inaganda kuanzia nje, na dikloromethani, ambayo inachemka chini kidogo ya nyuzi 40, inageuka mvuke ikiwa imefungiwa ndani, kijichembe kinatuna kama andazi kwenye mafuta na kubaki na uwazi katikati. Mi hatua hii naipenda kuliko zote, uzuri wake ni kwamba joto na spidi ya kukoroga ndo vinaamua karibu kila kitu.

Kwa metformin njia hiyo inagoma, dawa yenyewe inapenda maji mno kwa hiyo inakimbilia nje kabla polima haijaganda, unapata vijichembe vizuri vya kutazama ila ndani hakuna dawa ya maana. Ndo maana wengi wanahamia kwenye parafini ya maji, ambayo ni mafuta kwa hiyo dawa haina pa kukimbilia, pamoja na Span 80 ya kuzuia matone yasishikane, polima ni ethili selulosi kwenye asetoni, shughuli inabaki kuosha mafuta yote yatoke.

Sasa vipimo. Cha kuelea unaweka vijichembe kwenye asidi ya HCl 0.1 N (mfano wa asidi ya tumboni), nyuzi 37, pala inazunguka, baada ya masaa kadhaa unakusanya vilivyo juu na vilivyozama, unakausha, unapima uzito, unatoa asilimia. Jamani wekeni Tween 80 (inafanya kazi kama sabuni) kidogo kwenye hiyo asidi! Bila hiyo hata unga mkavu usioloa unakaa juu kwa sababu ya mvutano wa uso wa maji, utaandika asilimia kubwa ambayo haihusiani kabisa na uwazi uliohangaika kuutengeneza.

Na hata ukipata namba nzuri bado tumbo sio bika. Mtu akiwa na njaa, kila dakika 90 mpaka 120 hivi kuna wimbi la misuli linafagia tumbo zima kuelekea utumbo, kinachoelea na kisichoelea vyote vinaondoka, na kama maji ni kidogo hakuna hata cha kuelea juu yake, kwa hiyo dawa hii inatakiwa imezwe na chakula na glasi nzima ya maji. Mkao nao una kazi yake, ukilala ubavu wa kushoto mlango wa kutokea tumboni unakuwa upande wa juu, kulekule vijichembe vinakoelea, kwa hiyo ni rahisi vitoke mapema.

Hapo ndo sikubaliani na kazi nyingi zinazoishia kwa sungura na eksirei ya bariamu (chumvi inayotiwa kwenye vijichembe ili vionekane kwenye picha). Tumbo la sungura lina chakula karibu muda wote hata ukimnyima kula, kwa hiyo kijichembe kukaa humo masaa mengi hakuniambii kitakaa vilevile kwa mama aliyemeza dawa alfajiri na chai ya rangi tupu. Kwa binadamu kuna kamera ya gama inayofuata vijichembe vilivyotiwa alama ya mionzi hafifu, ni ghali ndio, ila kama tunataka kumwambia mgonjwa ameze mara moja kwa siku badala ya mara mbili, mi naona kipimo hicho ndo cha kutafutia hela.