Nyungu, yoga na inhela yangu ya buluu

Nina pumu tangu darasa la pili. Juni hii nilienda Lushoto kwa bibi, na wanaoijua Lushoto wanajua baridi ya Juni. Usiku wa pili kifua kikabana, kinapiga filimbi kama birika. Bibi akaanza: sufuria jikoni, mkaratusi, mchaichai, blanketi zito. "Ingia humo, mjukuu wangu, utoke mpya."

Nikaingia. Dakika mbili tu nikatoka nakohoa hadi machozi. Mvuke wa moto na harufu kali ndivyo vinavyonichokoza mimi, ingawa mafua ya kawaida napiga nyungu vizuri tu. Nikavuta salbutamo, ile inhela ya buluu ya kufungua kifua, nikakaa wima kitandani, baada ya robo saa nikaweza kuongea sentensi nzima. Bibi hakusema kitu, alininyima tu macho mpaka asubuhi 😅

Habbat soda na asali bado ananipa, nakunywa kwa heshima. Ni tamu.

Kilichonisaidia kweli nje ya dawa ni pumzi za yoga. Navuta hewa puani kwa hesabu ya 3, naitoa taratibu kwa 6. Kuna nyingine unatoa pumzi huku unavuma kama nyuki, wenyewe wanaiita bhramari. Haifungui kifua kilichokwisha kubana, ila inanitoa hofu, na mimi hofu ndiyo hunimaliza. Inhela ya kuzuia, ile ya asubuhi na jioni, sijaiacha hata siku moja.

Sasa bibi naye anavuma kama nyuki akichambua mboga.