Pointi 120 za Kidani, na marupurupu niliyoyaacha

Kila mwisho wa mwaka kuna rafiki atakayenipigia simu kutoka Orlando au Las Vegas, sauti iko juu, kunieleza kwamba ameitwa kwenye kikao kifupi cha mauzo ya taimushea, yaani umiliki wa nyumba ya likizo kwa zamu, na mwishoni atapewa kadi ya zawadi. Simu ya pili huja usiku, sauti imeshuka, na swali ni lile lile: "Dada, tumeshatia sahihi, sasa tufanyeje?" Basi nimeona niandike yote niliyopitia, ili mwenye kuhitaji ayapate pahali pamoja.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Columbus, Ohio, ni nesi wa zamu ya usiku. Mwaka 2019 tulikwenda Orlando na watoto wetu wawili. Pale hotelini tukaahidiwa kadi ya dola 150 tukikubali kusikiliza maelezo ya dakika tisini. Tulikaa humo kwa muda wa saa nne na ushei. Aliyetuhudumia alikuwa na adabu kwelikweli, akawapa watoto juisi, akauliza habari za kwetu. Akatufungulia chati ya taimushea yao: pointi tutakazopata kila mwaka za kulipia vyumba, hoteli za kampuni yao, na namna ya kubadilisha pointi hizo tukalale Hispania au Mexico. Bei dola 21,000. Tukatanguliza 2,100, zilizobaki zikawa mkopo wa riba ya asilimia 15.9. Watoto walikuwa wanalia njaa tulipotia sahihi.

Usiku ule mume wangu hakupata usingizi. Tulikuwa tumejizuia miaka yote tusinunue kitu kwa riba, hata gari tulilipa taslimu. Baada ya sala ya alfajiri akaniambia, "Mama watoto, leta zile karatasi tuzisome sasa, kichwa kikiwa kimetulia." Tukasoma. Na jibu lilikuwa pale pale, kwa herufi nene, juu ya mahali tulipoweka sahihi: katika Florida mnunuzi wa taimushea ana siku 10 za kalenda za kughairi bila faini yoyote, kuanzia siku aliyotia sahihi au siku aliyopokea hati ya mwisho, ile itakayokuja baadaye. Hata ukisaini kwamba umeiacha haki hiyo, bado unayo. Majimbo mengine yana hesabu yao. Nevada, kwa mfano, ni siku 5 tu, kwa hiyo aliyesaini Las Vegas asijipe muda.

Sikupiga simu. Nikipiga simu ningepokewa na mtu aliyefunzwa kunibembeleza. Niliandika barua ya mistari minne: majina yetu, nambari ya mkataba, tarehe, na sentensi moja kwamba tunaughairi. Tukatia sahihi sote wawili, nikaipeleka posta kwa njia ya barua iliyosajiliwa, yenye risiti na kadi ya mpokeaji, kwa anwani ile ile iliyotajwa kwenye mkataba. Ilikuwa siku ya nane. Hela zetu zilirudi, na ile risiti ya posta ninayo mpaka leo kwenye bahasha ya vyeti vya watoto.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini lile wazo lenyewe, la kuwa na mahali pa kupumzika na wanangu kila mwaka bila kuhangaika na bei za hoteli, sikuliona baya. Ubaya ulikuwa bei, mkopo na haraka. Nikaanza kusoma usiku kazini, wagonjwa wakilala. Ndipo nikajua kwamba taimushea nyingi, mnunuzi wa kwanza akishatoka na hati yake, thamani huanguka siku hiyo hiyo. Ziko zinazouzwa mtandaoni kwa dola moja, kwa sababu mwenyewe anachotaka ni kumkabidhi mtu mwingine ile ada ya matengenezo inayokuja kila Januari. Mwenzangu kazini ana moja ya hizo, na amekuwa akitafuta wa kumpa bure.

Chache ndizo zinazoshika bei. Mojawapo ni Disney Vacation Club, taimushea ya kampuni ya Disney, iliyoanza mwaka 1991, na hiyo niliipenda kwa sababu ya pili pia. Ndani ya Walt Disney World, eneo la burudani la Disney karibu na Orlando, kuna Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyojengwa kwa sura ya Afrika, nayo imejaa Kiswahili. Jengo moja linaitwa Jambo House, la pili Kidani Village. Migahawa ni Jiko, Boma na Sanaa. Mbuga zilizozunguka vyumba zinaitwa Arusha, Uzima na Pembe. Binti yangu, aliyekuwa anakataa kujibu kwa Kiswahili nyumbani, alisimama mbele ya kibao siku tulipokwenda kutembea tu, akaniuliza, "Mama, kidani si ile ya shingoni ya bibi?" Nikajua tutanunua hapo.

Tulikusanya miaka miwili. Katikati ikaja korona, zamu za ziada zikawa nyingi, na mwaka 2021 tulikuwa na pesa taslimu. Hapo ndipo lilipokuja swali la marupurupu.

Ukinunua kutoka kwa kampuni yenyewe, na wakati ule sharti lilikuwa pointi 150 au zaidi, unapata uanachama kamili: punguzo kwenye migahawa na maduka mengi, nyingi asilimia 10, sherehe za usiku za wanachama, ukumbi wa kupumzikia, na ruhusa ya kununua kwa bei nafuu pasi ya mwaka ya kuingia kwenye bustani za burudani za Disney. Ukinunua kwa mwenye hati anayeuza, unapata pointi, unapata chumba, hayo mengine hupati. Pia tangu Januari 2019, pointi za mkono wa pili za hoteli zile 14 za mwanzo hazikuingizi Riviera, hoteli ya klabu iliyofuata hizo, wala hoteli zilizofunguliwa baada yake. Mimi hilo halikunigusa, nilitaka Kidani.

Tofauti ya bei ilikuwa zaidi ya dola 70 kwa kila pointi. Kwa pointi 150 hizo ni zaidi ya dola 10,500. Nikachukua kalamu. Sisi chakula tunapika wenyewe, maana vyumba vina jiko, na mgahawani tunakwenda labda mara mbili kwa safari. Asilimia 10 ya hapo haifiki hata dola 40. Vitu vya dukani, tuseme dola 20. Pasi ya mwaka ndiyo iliyokuwa na uzito: mwaka ule iliyoruhusiwa kwa wanachama iliuzwa dola 899, na ile iliyo wazi kwa mtu yeyote 1,299. Familia ya watu wanne wenye kwenda kwenye bustani hizo mara tatu au nne kwa mwaka ingeokoa dola 1,600 kila mwaka, na kwao, kwa kweli, marupurupu yangejilipa ndani ya miaka saba. Sisi tunakwenda mara moja, na siku mbili kati ya tano tunashinda kwenye bwawa. Kisha Novemba 2021, kabla hati yetu haijatoka, mauzo mapya ya pasi ile yakasimamishwa. Kwangu hilo lilitosha. Chumba kimeandikwa kwenye hati. Punguzo halikuandikwa, linaweza kuja na kuondoka. Sikuona sababu ya kutoa dola elfu kumi leo kwa kitu kisicho na saini ya mtu.

Tukanunua pointi 120 kupitia dalali, dola 118 kwa pointi: jumla 14,160, na gharama za kuhamisha hati kama dola 600. Mambo mawili niliyakagua kwa makini kabla ya kutoa arubuni. La kwanza, pointi zilizobaki. Kuna wauzaji waliokwisha kuzitumia za mwaka huu na kuzikopa za mwakani, ukinunua unakaa mwaka mzima na nusu ukilipa ada bila kulala popote. Dalali mzuri atakuonyesha taarifa ya akaunti, na kampuni ya hati, ile inayosimamia uhamisho wa umiliki, itaithibitisha kwa maandishi. La pili, jina la muuzaji. Hati hizi husajiliwa katika kaunti ya Orange, na yeyote anaweza kuitafuta kumbukumbu hiyo. Malipo hayakwenda kwa muuzaji, yalikaa kwa kampuni ya hati mpaka kila kitu kikamilike.

Baada ya hapo kuna kungoja. Disney ina haki ya kwanza ya kununua: mkataba wako unapelekwa kwao, wana siku 30, wakitaka wanauchukua wao kwa bei ile ile mliyokubaliana, nawe unarudishiwa arubuni yako. Ndiyo maana bei ya chini mno si ya kushangilia. Siku hizo 30 nilikaa roho juu. Wakauachia. Miezi miwili na nusu tangu siku ya kwanza, pointi zikaonekana kwenye akaunti yetu.

Hesabu yangu ndiyo hii, na ninaiweka wazi kwa sababu wauzaji hawaiweki. Hati yetu inaisha tarehe 31 Januari 2057. Gawanya bei kwa miaka 35, unapata kama dola 3.40 kwa pointi kwa mwaka. Ongeza ada ya mwaka, iliyokuwa kama dola 8 tuliponunua na sasa imeshavuka 9. Kwa hiyo kila pointi ilitugharimu kama dola 11.40 mwanzoni, na inapanda. Ukikodi pointi kwa mtu kupitia dalali, ulikuwa ukilipa kama dola 20. Mwenye pointi akikodisha yake, dalali akishachukua chake, anabaki na 16 au 17. Nambari hiyo ya 16 ndiyo ninayoitumia kwa kila uamuzi, kana kwamba pointi ni noti.

Ningeijua mapema, nisingebadilishana mwaka 2023. Kubadilishana ndiko kunakopambwa sana kwenye vikao vya mauzo, na mashirika makubwa ni mawili: RCI, iliyoanzia Indianapolis mwaka 1974, na Interval International ya Miami, iliyofuata mwaka 1976. Disney ilikuwa na RCI, ikahamia Interval mwanzoni mwa 2022. Unatoa pointi, unalipa ada ya kubadilishana, unapewa wiki kwenye hoteli ya watu wengine. Tulitoa karibu pointi zetu zote za mwaka, tukapata wiki nzuri tu huko Williamsburg, Virginia. Nyumba safi, vyumba viwili, watoto walifurahi. Jioni ya tatu, mume wangu akitafuta mahali pa kuagiza chakula, akakuta mtu anakodisha wiki ile ile, jengo lile lile, kwa dola 750. Sisi ada yetu ya matengenezo peke yake ilikuwa imezidi dola 1,000. Kama tungekodisha pointi zetu kwa dola 16, tungepata 1,900 na ushei, tukalipa Williamsburg taslimu, na tukarudi nyumbani na zaidi ya dola elfu moja mfukoni. Tangu hapo, wiki ya kubadilishana huilinganisha kwanza na bei ya kukodi.

Kosa jingine lilinigharimu mwaka wa kwanza. Mwaka wetu wa pointi huanza Agosti. Pointi usizotumia unaweza kuzivusha mwaka unaofuata, lakini lazima ufanye hivyo ndani ya miezi minane ya kwanza, kwetu mwisho ni tarehe 31 Machi. Nilikuwa na 40, tarehe ikanipita nikiwa zamu tano mfululizo. Zilikuwa zife Julai 31. Nikazikodisha haraka kwa familia iliyotaka wikendi moja, kwa bei ya chini. Sasa tarehe hiyo iko kwenye kalenda ya ukutani, kwa wino mwekundu, na simu za sote wawili zinalia Machi mosi.

Agosti 2024 mama mkwe alikuja kutoka Mombasa. Nilikuwa nimevusha pointi za mwaka ulioanza Agosti 2023, nikaziunganisha na za ule ulioanza Agosti 2024, tukachukua Kidani nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule, yenye bafu mbili, na hizo bafu mbili ukiwa na mkwe wako ni neema. Siku tano, upande wa mbugani. Asubuhi ya kwanza nikitoka nilimkuta barazani, leso mabegani, twiga wako hatua chache wanakula. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, miaka sabini na moja niko Kenya, Tsavo iko pale, na sijapata kumwona twiga kwa macho yangu." Alishinda pale hadi adhuhuri. Mchana tukampeleka Sanaa, wakaleta mikate bapa ya naan na vibakuli tisa vya chatne na vikolezo vingine, akaonja kimoja kimoja na kumweleza mjukuu kipi kina ukwaju na kipi kina embe.

Anataka kurudi, safari hii na dada yake. Mwenye hati ya Kidani anaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla, wanachama wengine wote miezi 7, na dirisha hufunguka saa mbili asubuhi kwa saa za huku. Mimi hutoka zamu saa moja na nusu. Nitakuwa nimekaa garini kwenye maegesho ya hospitali, simu mkononi, kabla sijawasha injini.